Kahawa Bukoba: Tusing'oe mbuni kwa kosa la mdudu

UKIPITA kwenye vibanja vya Ijuganyondo, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Bukoba, mibuni utaikuta imechanganyika na migomba. Katikati ya majani mabichi kitawi kimoja kimekauka, majani yamekuwa ya kahawia kama yaliyobabuliwa na moto, na buni changa zimenyauka zikiwa bado zinaning'inia. Mkulima akiona hivyo hushtuka, na ana sababu.

Mwaka 1997 ugonjwa wa mnyauko fuzari uliripotiwa mkoani Kagera. Hauna tiba, na fundisho lake lilikuwa moja tu: mbuni ukinyauka, ng'oa na uchome moto. Fundisho hilo ni sahihi kwa mnyauko. Tatizo ni pale linapotumika kwa adui mwingine, yaani mdudu mtoboa vitawi, ambaye wataalamu humwita Xylosandrus compactus. Wenzetu wa Uganda walimwona Bundibugyo mwaka 1993, kisha akaenea kwenye maeneo yao ya robusta. Kagera naye yupo.

Kuwatofautisha hakuhitaji maabara. Mnyauko hukausha mti mzima, na ukikwangua gome la shina karibu na ardhi utaona rangi ya bluu iliyokolea kuelekea nyeusi. Mtoboa vitawi huua kitawi hiki na kile, mti ukabaki hai. Kigeuze kitawi kilichokauka, utazame upande wa chini: utakuta tundu dogo kama la pini.

Jike, ambaye urefu wake haufikii milimita 2, huingia hapo na kupanda ukungu ndani. Watoto wake hula ukungu huo, si mti. Dume haruki, maisha yake huishia humo humo. Kwa kuwa familia nzima imejificha ndani, dawa ya kupuliza ni vigumu kumfikia, na mwenye kuuza dawa hatakwambia hivyo.

Kinachobaki ni macho na mkasi. Kutoka yai hadi mdudu kamili huchukua takriban mwezi mmoja, hivyo anayekagua shamba mara moja kwa msimu amechelewa. Kila wiki mbili zungukia mibuni michache kila upande wa kibanja, hesabu vitawi vyenye tundu, andika kwenye daftari. Wapo wanaotundika chupa yenye spiriti kidogo, maana harufu yake humvuta jike. Chupa hiyo itakuonyesha kwamba yupo, haitammaliza.

Kitawi kikikatwa kichomwe siku hiyo hiyo. Hapa ndipo penye ugumu, kwani kibanja cha Mhaya huishi kwa matandazo, na vijiti vikavu ni kuni za jikoni. Lakini mdudu huendelea kukua ndani ya kitawi kilichokatwa, kisha huruka kurudi shambani. Halafu ipo miti mingine. Musizi, mti wa kivuli na mbao, humhifadhi, na hata parachichi na chai hushambuliwa. Hakuna atakayekubali kukata musizi wake kwa ajili ya mdudu, nami simshauri. Mibuni iliyo chini yake ndiyo ikaguliwe kwanza.

Bei ya robusta ilipanda sana duniani mwaka 2024, kwa hiyo kung'oa mbuni mzima kwa kosa la kitawi ni hasara kubwa kuliko zamani. Anayeng'oa kwa sababu ya mnyauko wa kweli anazo mbegu kinzani zilizotolewa na TaCRI mwaka 2011, zikiwamo Maruku 1 na Bukoba 1, ila atasubiri miaka kabla ya kuvuna.

Linalonitia shaka zaidi ni vibanja ambavyo wenyewe wapo Mwanza au Dar es Salaam. Jirani akichoma vitawi vyake na wao wasichome, mdudu atavuka mpaka bila kuuliza. Serikali za mitaa zikae na wakulima sasa, zikubaliane nani atakata kwenye mashamba hayo na nani atalipa, kabla ya upunguzaji wa matawi unaofuata mavuno.