Gemu Nzuri Humwacha Msomaji Aibie

Kuna ubishi ambao haukauki hosteli kwetu: kitabu kikigeuzwa gemu, nini hasa kinatakiwa kuhamishwa? Washkaji wanaosoma kompyuta watakwambia picha. Zimwi lionekane, upanga ung'ae, pango litishe. Mimi nasema hapana, na ushahidi wangu ni vile vitabu vya Kiingereza vya miaka ya 1980 ambavyo shujaa wake ni msomaji mwenyewe.

Kwa asiyevijua: mwaka 1982 Waingereza wawili, Steve Jackson na Ian Livingstone, walitoa The Warlock of Firetop Mountain, kitabu cha kwanza katika mfululizo wa Fighting Fantasy. Hakisomwi moja kwa moja hadi mwisho. Kimekatwa vipande 400 vyenye namba, vikachanganywa makusudi. Unasoma kipande, unaambiwa ukitaka kufungua mlango nenda namba hii, ukitaka kupita zako nenda namba ile. Mkononi una penseli, karatasi na dadu mbili, dadu hizi hizi za ludo. Kabla ya safari unarusha ili upate alama zako tatu: ustadi, nguvu na bahati. Ukikutana na adui, unarusha kwa ajili yake na kwa ajili yako, unajumlisha ustadi wa kila mmoja, na mwenye jumla ndogo anapoteza nguvu mbili. Bahati ndiyo tamu zaidi. Kila ukiijaribu, iwe imekubeba au imekutupa, inapungua alama moja. Inaisha kama boom.

Sasa, ustadi unapatikana kwa kurusha dadu moja na kujumlisha 6. Aliyepata 12 anapita mapangoni kama anakwenda kafeteria. Aliyepata 7 ameshadisko kabla ya wiki ya kwanza kuisha. Unadhani mtoto wa shule aliyepata 7 alifanya nini? Alirusha tena. Na akifika njia panda alichomeka kidole kwenye ukurasa alikotoka, akachungulia mbele, akikuta kifo anarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Tabia hii inajulikana sana kwa wasomaji wa vitabu hivi, hadi Livingstone mwenyewe amewahi kuitania.

Mimi naona kidole kile ndicho kilichokuwa mchezo wenyewe. Kitabu hakina msimamizi wa mtihani. Hakuna anayekuona ukipiga chabo. Ukiamua kurudi, unajua umerudi. Ukiamua kukubali kufa kihalali, umekufa kwa heshima yako mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha. Ni mapatano kati ya mtu na karatasi, na kila msomaji aliyaandika upya kwa namna yake.

Waliotangulia kuvigeuza vitabu hivi kuwa gemu hawakuliona hilo kabisa. Mwaka 1984 ilitoka gemu ya Firetop Mountain ya kompyuta ya ZX Spectrum. Ni kukimbia ndani ya vichochoro ukikusanya funguo na kukwepa wadudu na maadui. Jina la kitabu lipo, mlima upo, maneno hayapo.

Lakini inayoniuma ni Deathtrap Dungeon. Kitabu chake cha 1984, cha Livingstone, kina kitu kizito ndani yake. Washindani sita wanaingia kwenye shimo lenye mitego, na anayeweza kushinda ni mmoja tu. Huko ndani unakutana na mwenzako mmoja, jitu la miraba minne liitwalo Throm, na mnaweza kutembea pamoja. Kila hatua mnayosaidiana mnajua hamtatoka wote wawili. Hilo halihitaji picha hata moja. Mwaka 1998 kampuni ya Eidos ikatoa gemu yake, wakati huo Livingstone mwenyewe akiwa miongoni mwa viongozi wakuu wa kampuni. Mwenye kitabu yupo mezani! Na bado kilichotoka ni gemu ya kukimbia kwenye korido ukikata mazimwi, ukitazama mgongo wa shujaa ambaye si wewe tena. Unachagua kati ya wawili, Chaindog au Red Lotus. Kitabu kilisema "wewe" toka ukurasa wa kwanza. Gemu ikakupa mtu wa kumwendesha.

Halafu kuna suala la dadu. Nani hajawahi kucheza ludo ya kwenye simu akaapa kwamba programu inampendelea mwenzake? Kila akitaka sita anapewa, wewe unabaki kupata moja, moja, mbili. Inawezekana kabisa programu haina ubaya wowote. Ila dadu uliyoirusha kwa mkono wako huna wa kumlaumu, na ile ya kwenye skrini una wa kumshuku. Kwa hiyo anayehamisha kitabu cha dadu kwenda kwenye simu akadhani amehamisha hesabu tu, amesahau kwamba amembadilisha mwamuzi. Mwanzo mwamuzi alikuwa msomaji, sasa ni mashine.

Waliolielewa hili, kwa maoni yangu, ni studio ya inkle ya Cambridge, iliyoanzishwa na Jon Ingold na Joseph Humfrey. Kati ya 2013 na 2016 waligeuza vitabu vinne vya Steve Jackson viitwavyo Sorcery! kuwa gemu nne. Dadu za vita wakazitupa. Badala yake unaamua kila pigo utalipiga kwa nguvu kiasi gani, na maandishi yanakusimulia kilichotokea. Na kidole wakakibakiza. Ramani imetandazwa mbele yako, na ukitaka unarudi hatua moja, au unarudi hadi kijiji ulichopita zamani, unachagua tena. Hakuna anayekukemea.

Si kwamba walipatia kila kitu. Vitabu vile vina uchawi wa aina 48, kila mmoja una jina la herufi tatu, na kitabu kinakuomba uukariri kisha usichungulie tena orodha. Kinakuomba tu! Gemu ikaweka herufi angani, uziokote kulingana na mahali uliposimama. Inapendeza macho, nakubali, lakini ile raha ya kuumiza kichwa, ya kujua kwamba uchawi unaoufaa upo ila jina lake limekutoka huku zimwi linakuja, imepotea.

Rafiki yangu mmoja wa kompyuta ananipinga hapa. Anasema uamuzi unaoweza kufutwa si uamuzi, ni sapu isiyo na mwisho, na mchezaji asiyeogopa kitu hajali kitu. Hoja yake ina uzito. Lakini tazama wanavyocheza watu wakibanwa wasirudi nyuma. Wanashika njia salama. Au wanaingia intaneti kutafuta desa, mtu fulani aliyeandika geuka kushoto, chukua ufunguo, usile mkate. Ukishika desa husomi tena sentensi hata moja, unatekeleza. Mwenye kidole ukurasani anasoma vifo vyote vitatu, anacheka, anarudi, na anayemwonea huruma anamwonea huruma kweli, kwa sababu hakulazimika. Mimi nikijua naweza kurudi ndipo ninapothubutu kumjibu mlinzi wa lango jeuri.

Na hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sisi tunaotaka kutengeneza za kwetu. Kila likizungumzwa suala la gemu chuoni, mjadala unaishia kwenye kompyuta kali na wachoraji tusio nao. Gemu ya kusoma na kuchagua haivitaki hivyo. Twine ipo tangu 2009, ni bure, na hadithi ukiimaliza inafunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote. Lugha ya ink, ambayo inkle wanaandikia gemu zao, iliachiwa huru mwaka 2016, kila mtu aitumie. Hadithi nzima ya maandishi inaweza kuwa nyepesi kuliko picha moja uliyopiga kwa simu yako, kwa hiyo hata bando la kuungaunga halitishiki.

Kinachokosekana ni mtu wa kukaa chini aandike vipande mia kadhaa kwa Kiswahili ambavyo havipingani: aliyemuua mlinzi asije akasalimiwa naye ukurasa wa mbele, asiye na ufunguo asijikute ameshafungua. Hiyo ni kazi ya watu wa fasihi, na wengi wao hawajui kwamba wanaitwa. Rafiki yangu yule ameshakubali kushughulikia upande wa programu. Alitaka aanze na ramani na zimwi. Nimemwambia tuanze na kitufe cha kurudi nyuma, zimwi atalichora baadaye.