Muhuri Hauhalalishi Dhuluma

Wapo watu wadhanio kwamba neno likishaandikwa katika hati na kutiwa muhuri, basi limekuwa haki, wala haifai kuhojiwa. Mimi naipinga dhana hiyo, na mashahidi wangu ni hati zilizoheshimiwa mno katika historia ya Ulaya, yaani hati za Mapapa wa Kanisa Katoliki ziitwazo bula.

Jina hilo limetoka katika Kilatini, na maana yake ni muhuri wenyewe. Muhuri huo ulikuwa kipande cha madini ya risasi, kilichoning'inizwa chini ya hati kwa ugwe wa hariri au wa katani. Upande mmoja ulikuwa na nyuso za Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo. Upande wa pili, jina la Papa aliyeitoa hati. Wafalme waliuheshimu, na waliokuwa na tamaa waliutafuta ili tamaa yao ipate kibali.

Mwaka 1452 Papa Nicholas V alimpa Afonso V, mfalme wa Ureno, hati ya namna hiyo. Ilimruhusu kuwashambulia Waislamu na wapagani, kutwaa nchi na mali zao, na kuwatia katika utumwa wa daima. Mwaka 1455 Papa huyo huyo aliithibitisha ruhusa hiyo kwa hati nyingine, akawakabidhi Wareno pwani ya Afrika ya magharibi na nchi zilizo mbele yake kuelekea kusini. Wazee wetu walisema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Mwafrika hakuwapo hati hizo zilipoandikwa, na neno lake halikuwamo, lakini nchi yake ilikuwamo, na shingo yake ilikuwamo. Wareno walioitwaa Kilwa na kuiteketeza Mombasa mwaka 1505 walitumwa na ufalme uliokuwa na idhini hizo mkononi.

Watetezi hujibu kwamba hayo yalikuwa mambo ya zama zao, na kwamba watu wa wakati ule hawakujua lililo bora. Jibu hilo ni dhaifu. Mwaka 1435, miaka 17 kabla ya hati ya Nicholas, Papa Eugene IV aliwaamuru waliowatia utumwani wenyeji wa Visiwa vya Canary wawaache huru katika muda wa siku 15, la sivyo watatengwa na Kanisa. Tena mwaka 1537 Papa Paul III alitangaza kwamba wenyeji wa Amerika, na watu wote watakaojulikana baadaye, wasinyang'anywe uhuru wala mali yao, hata wakiwa nje ya imani ya Kikristo. Basi ubaya ulijulikana. Kilichokosekana ni nia ya kuuacha.

Wengine husema kwamba kuzihoji hati hizi ni kuitukana dini. Sivyo. Tarehe 30 Machi 2023 Vatikani yenyewe ilitamka kwamba hati hizo hazikudhihirisha ipasavyo usawa wa heshima na haki za wenyeji, na kwamba fundisho la kudai nchi ya watu kwa kisa cha kuivumbua si sehemu ya mafundisho ya Kanisa Katoliki. Tamko hilo ni jema, ila lilikawia zaidi ya miaka 560. Ikiwa wenye hati wameweza kuzipima, sembuse sisi tulioandikwa ndani yake bila kuulizwa?

Muhuri ule ule uliamuru watu wafungwe, na uliamuru wafunguliwe. Kwa hiyo muhuri huthibitisha ni nani aliyesema. Hauthibitishi kwamba alilolisema ni haki. Kijana msomaji, uletewapo hati yoyote, iwe ya nchi, ya shamba au ya kazi, usiustaajabie muhuri wake kabla ya kuuliza: inasema nini, inampa nani, inamnyang'anya nani, na huyo anyang'anywaye alikuwapo ilipoandikwa?