Kinaya si Kinyume: Dhidi ya Usomaji wa Mkato wa Riwaya za Distopia

Kuna fasili moja ambayo imekaririwa katika miongozo ya fasihi hadi ikageuka sheria: kinaya ni kusema kinyume cha kile unachokusudia. Mwanafunzi huipokea, huitafutia mifano mitano, hutunukiwa alama zake, na riwaya hufungwa. Makala haya yanaipinga fasili hiyo. Katika utani wa barazani haina madhara makubwa. Lakini katika riwaya ya distopia, yaani ile inayosawiri jamii ya kubuni ambamo utawala umeoza na maneno yakaoza pamoja nao, fasili hiyo humnyima msomaji kiini cha kazi yenyewe.

Kiisimu, msimamo huu hutegemezwa kwa Grice (1975), aliyeshikilia kwamba msemaji hukiuka waziwazi kanuni ya ukweli ili msikilizaji akisie maana iliyo kinyume. Sperber na Wilson (1981) waliupinga. Kwao, kinaya ni mwangwi: msemaji huirejesha kauli au fikra ya mwingine huku akijitenga nayo. Basi swali la kuuliza ni hili: sauti hii ni ya nani?

Tuchukue mfano ulio karibu. Hapa Emali, ambako bomba la Nolturesh hupita likitoka miteremko ya Kilimanjaro, tumfikirie mama aliyesimama kioskini na punda wake na mitungi mitupu, akasema: "Maji yamepatikana." Hakuna anayehitaji kuarifiwa kwamba maji hayapo, mitungi inaonekana. Anachokirejesha mama huyu ni sauti ya jukwaani. Tena tuitazame sarufi yake. Kauli ya kutendeka haimtaji mtenda. Yamepatikana kwa juhudi za nani? Mwanasiasa aliitumia kauli hiyo kuficha kwamba hakuna aliyefanya lolote. Mama anaitumia ile ile kumfichua.

Hapo ndipo tunapomkuta Shaaban Robert. Wahakiki wengi wameridhika kusema kwamba jina Kusadikika ni kinaya kwa kuwa nchi inayoelea angani haisadikiki. Wameambua ganda wakaliacha tunda. Kitenzi sadiki kimetiwa katika kauli ya kutendeka, naye anayesadiki ametoweka. Nchi inasadikika, ni nani aliyeulizwa? Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1951, ikiwa kazi ya mtu aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Jina lake linarejesha dai ambalo kila utawala wa mabavu hulitoa juu ya nafsi yake, na halibadilishi hata silabi.

Aidha, Karama anaposhtakiwa na waziri Majivuno hasemi kinyume cha chochote. Anaisimulia mahakama habari za wajumbe waliotumwa nchi mbalimbali wakarudi na maarifa, wakaadhibiwa. Kila neno lake ni kweli tupu. Utetezi wake ni mwangwi wa hukumu zilizotolewa na watawala wa nchi hiyo hiyo. Kwa fasili ya kinyume, hapo hapana kinaya hata chembe. Je, tuiamini fasili au masikio yetu?

Katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, msomi aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, hoja yetu inapata nguvu zaidi. Jina hilo ni sentensi nzima iliyofumbatwa: wale ni sisi. Igeuze upate "wale si sisi", nawe utakuwa umejiunga na wale wale ambao mwandishi anawapinga.

Tutaambiwa kwamba mwangwi huhitaji msikilizaji aliyeisikia sauti ya kwanza, na kwamba mwanafunzi aliyezaliwa baada ya mwaka 2002 hakuimbishwa "amani, upendo na umoja". Ni kweli, na hili ndilo pingamizi la pekee lenye uzito. Hata hivyo haliitetei fasili ya kinyume; linamshtaki mwalimu. Kazi yake ni kuileta sauti hiyo darasani: hotuba, magazeti ya wakati huo, na kumbukumbu za wazee waliopanga foleni za mlolongo mwaka 1988. Badala yake tumempa mwanafunzi istilahi aikariri, kisha tukamwuliza katika mtihani ataje mifano mitano.