Kabla Hujanunua Betri Mpya, Pima Kwanza Oltaneta

Leo siandiki mbegu wala mbolea, naandika betri. Najua kuna atakayesema bwana shamba kaacha mahindi kaingia gereji. Lakini kipindi hiki cha mavuno hela ya mahindi inaishia kwenye duka la betri, na mara nyingi bila sababu ya maana.

Hadithi ni ileile, uwe Laela au Matai. Pikapu inagoma asubuhi, inasukumwa, inawaka. Kesho yake hivyo hivyo. Fundi anaitwa, anagusanisha waya, anatazama cheche, halafu anatoa hukumu: "Betri imekufa, lete nyingine." Kijana anauza magunia kwa bei ya shambani ili apate hela ya haraka. Wiki tatu baadaye gari linagoma tena, na sasa ana betri mbili mbovu badala ya moja.

Msimamo wangu ni huu: mkulima wa biashara asinunue betri kabla hajapima umeme unaotoka kwenye oltaneta. Na kupima siyo kazi ya fundi peke yake. Mita ya kupimia umeme, ile mafundi wanaita multimita, haifiki bei ya mfuko mmoja wa mbolea. Betri ya pikapu inazidi mifuko miwili. Piga hesabu mwenyewe.

Chukulia betri kama ghala na oltaneta kama shamba. Stata inachota mzigo mkubwa kutoka ghalani kwa sekunde chache tu. Injini ikishawaka, oltaneta ndiyo inayolisha taa, feni na vingine vyote, na inarudisha kile kilichochotwa. Ghala likiwa tupu huwezi kulilaumu kabla hujajua kama kuna kilichovunwa.

Sasa kupima. Weka mita kwenye volti za DC, alama ya 20. Asubuhi kabla hujawasha, gusisha waya mwekundu kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye hasi. Betri nzima iliyojaa inasoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikisoma chini ya 12 iko karibu tupu, ila tupu siyo sawa na mbovu, na hapo ndipo watu wanapoliwa. Halafu mwenzako apige stata wewe ukiangalia mita. Isishuke sana chini ya 9.6, ingawa kwenye baridi kali inaweza kuteremka zaidi kidogo. Kama betri ilisoma 12.6 halafu ikadondoka mpaka 7, hapo kweli betri imechoka, au stata yenyewe inakula umeme kupita kiasi.

Injini ikiwaka, pima tena palepale kwenye betri. Kwa magari mengi tuliyonayo unatafuta namba kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni, piga resi kidogo, namba inatakiwa ibaki juu ya 13.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu na inazidi kushuka, oltaneta haichaji, na hata ukinunua betri ya bei gani itakufa vilevile. Ikipanda juu ya 15, regyuleta imeharibika na betri inachemshwa. Ukiona maji ya betri yanaisha kila mara, anza kushuku hapo.

Kuna kipimo kimoja cha mtaani nakipinga kabisa: kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inaunguruma, kuona kama itazima. Kwenye trekta kuukuu la dainamo labda ulipona. Kwenye gari la oltaneta, ukiitoa betri ghafla volti zinaruka juu sana kwa muda mfupi, na huo mruko unaweza kuua daiodi, regyuleta, hata kompyuta ya injini. Fundi akikuambia anataka kupima hivyo, mwambie asubiri, wewe una mita. Akikasirika, tafuta mwingine.

Basi tuseme umegundua haichaji. Usikimbilie oltaneta nyingine ya mtumba. Zima gari, angalia fenibelti. Huku kwetu kiangazi ni vumbi tupu, na belti iliyolegea au iliyong'aa kama kioo inateleza. Mara nyingi utaisikia inalia asubuhi ukiwasha. Halafu terminali. Ule unga mweupe au wa kijani unaziba umeme. Mwagia maji ya moto yenye magadi, sugua, kausha, kaza. Unapofungua anza na hasi, unaporudisha hasi iwe ya mwisho, na sigara kaa nayo mbali kwa sababu betri inayochaji inatoa gesi inayolipuka.

Baada ya hapo kuna kipimo ambacho mafundi wengi hawakifanyi, na mimi nakipenda kuliko vyote. Injini ikiwaka na taa zikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye nati ya waya mnene nyuma ya oltaneta, nyingine kwenye chanya ya betri. Isome chini ya 0.3. Halafu bodi ya oltaneta na hasi ya betri, hapo isome chini ya 0.2. Ikizidi, oltaneta yako inazalisha vizuri ila umeme unapotelea njiani, kwenye waya uliooza au ethi yenye kutu. Angalia kamba na belti zisikunase wakati unafanya hivi. Na ukiwasha swichi kabla ya stata, taa ya betri kwenye dashibodi lazima iwake. Isipowaka, kuna magari ambayo oltaneta haianzi kuchaji kabisa, kisa ni globu iliyoungua. Vyote hivyo vikiwa sawa ndipo oltaneta ifunguliwe. Hata hapo uliza kwanza kaboni. Zikiisha zinabadilishwa zenyewe, kwa hela ndogo.

Baridi nayo isitudanganye. Sumbawanga mjini tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai, wakati mahindi yanatoka shambani, oili inakuwa nzito na betri inapungukiwa nguvu. Gari lililolala Muze kule bondeni linawaka vizuri, likilala huku juu linagoma. Baridi haijaharibu kitu, imeonyesha tu udhaifu uliokuwepo. Vivyo hivyo foleni ya kituo cha kununulia mahindi: unawasha, unasogea mita kumi, unazima, kutwa nzima. Kila ukiwasha unachota, na dakika mbili za sailensa hazirudishi ulichochota. Jioni gari linalala, unalaumu betri.

Wenye Canter za volti 24, zidisheni namba hizi mara mbili, ila pimeni kila betri peke yake. Radio ikiunganishwa kwenye betri moja ili ipate volti 12, hiyo betri inachoka kabla ya mwenzake na mwisho zinakufa zote. Weka kipunguza volti. Na ukibadilisha, badilisha zote mbili kwa pamoja.

Kuhusu kuchomoa betri ya pikapu usiku iende nyumbani kuwasha televisheni, nasema hapana. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, haikutengenezwa kunyonywa taratibu mpaka iishe. Ukifanya hivyo mara kwa mara unaipunguzia maisha, halafu asubuhi unaitegemea oltaneta ijaze betri tupu huku imebeba taa na kila kitu, nayo inachemka. Betri ikiisha kabisa, ipeleke kwenye chaja ilale huko usiku kucha, ndipo uirudishe kwenye gari.

Na ikithibitika kweli betri imekufa, nenda dukani na mita yako mfukoni. Kagua tarehe iliyogongwa kwenye betri, pima kabla hujatoa hela. Betri mpya inayosoma chini ya 12.4 imekaa sana kwenye shelfu. Muuzaji aichaji ujaze mwenyewe macho, au akupe nyingine.