Ghala si Hospitali



Tulimzika kijana mmoja katika milima ya Masisi. Jina lake hatulitaji, maana mama yake angali hai na huja Misa kila Dominika. Risasi ilimpiga pajani wakati wa vita. Akapasuliwa, akapewa tramadoli ya kutuliza maumivu. Hapo hapakuwa na kosa, kwa kuwa mtu aliyevunjika mfupa hatulizwi kwa maneno. Kosa lilikuja baadaye. Jeraha lilipona, vidonge havikumwacha. Alivinunua sokoni, viwili kwa siku, kisha vitano, kisha pakiti nzima. Mbuzi wa nyumbani wakauzwa mmoja mmoja.

Ndipo jamaa walipomfungia ghalani siku 8, wakisali nje ya mlango. Alitapika, alihara, alipiga ukuta kwa vichwa vya magoti, hakupata usingizi. Alipotoka amekonda lakini ametulia, sote tulimshukuru Mungu. Hazikupita wiki 2, akarudia. Alimeza kiasi kilekile cha zamani, akanywa na kasiksi juu yake, akalala. Asubuhi hakuamka.

Sisi tunaoandika haya tulikuwa kati ya wale waliosema, “Ghala litamfundisha.” Basi leo twataka kulikana neno letu wenyewe mbele ya watu, kusudi lisimwue mwingine.

Yafaa kwanza kuelewa mambo yanavyokwenda mwilini. Tramadoli, morfini, kodeini na heroini ni ndugu wa ukoo mmoja. Mtu akizitumia muda mrefu, mwili huzizoea, ukadai kiasi kikubwa zaidi ili upate faraja ileile. Akiziacha ghafula, mwili huasi: pua hutoka majimaji, miayo haikomi, ngozi husisimka, tumbo hukata, miguu haitulii. Huko Dar es Salaam watu huita mateso hayo arosto. Kwa kawaida huanza siku ya kwanza au ya pili, hupanda, kisha hupungua katika juma moja au zaidi kidogo. Aliyezoea tramadoli aweza pia kuingiwa na hofu kubwa hata kuchanganyikiwa. Haya si maigizo, wala si pepo.

Lakini angalieni hatari iliyojificha. Siku zile za kufungiwa, mwili husahau mazoea yake. Kiasi ambacho mwezi uliopita hakikumdhuru, leo chaweza kuzima pumzi yake, hasa kikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi. Kwa hiyo yule kijana hakufa kwa sababu alikosa imani. Ghala liliondoa mazoea ya mwili, likaacha ugonjwa na maumivu ya paja palepale.

Je, kuna njia nyingine? Iko, tena haiko mbali nasi. Februari 2011 kituo cha methadoni kilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa ajili ya watumwa wa heroini. Kenya nayo ilifuata, na Uganda ilianza mwaka 2020 katika hospitali ya Butabika, Kampala. Mgonjwa huja kila siku, hunywa dawa yake mbele ya muuguzi, kisha huenda kazini. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu. Kipimo kikiwa sawa, humwondolea arosto na kiu ya heroini bila kumlewesha. Iko pia buprenofini, kidonge cha kuwekwa chini ya ulimi. Shirika la Afya Duniani liliziandika zote mbili katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005.

Wengine hutujibu: “Huko ni kubadili pombe kwa mvinyo. Mlevi ni mlevi.” Twawauliza: mwenye kisukari anayejidunga insulini kila asubuhi, naye ni mlevi? Mtumwa wa vidonge huamka akifikiri jambo moja tu, atapata wapi. Kwa ajili hiyo huiba, hudanganya, hupiga mama yake. Anayenywa dawa ya kipimo huamka akifikiri shamba na watoto. Mwaka 2017 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilikusanya habari za wagonjwa wa nchi nyingi: walipokuwa nje ya tiba ya methadoni, vifo vyao vilizidi mara 3 vya wakati walipokuwa ndani yake. Hatuwezi kumwambia mama aliyefiwa kwamba tofauti hiyo ni ndogo.

Wengine husema: “Ateseke, mateso ni malipizi ya dhambi.” Maneno haya yana sura ya dini, lakini si mafundisho ya Kanisa. Papa Pio XII, akiwajibu madaktari tarehe 24 Februari 1957, alieleza kwamba Mkristu halazimiki kuyatafuta mateso kwa ajili ya mateso yenyewe, na kwamba ni halali kutumia dawa za kutuliza maumivu. Na Katekisimu, inapokataza dawa za kulevya kwa ukali, huacha nje zile zinazotumiwa kwa ajili ya tiba. Yule Msamaria mwema hakumuuliza majeruhi kama alistahili kupigwa; alimfunga jeraha kwa mafuta na divai, akalipa nyumba ya wageni.

Liko neno zito zaidi, nasi hatutalificha. Mwezi wa Juni 2014 Papa Fransisko, akisema na wapiganaji wa biashara ya dawa za kulevya huko Roma, alisema kwamba dawa za badala si tiba ya kutosha, na kwamba ni namna ya kukubali kushindwa. Wako wanaolishika neno hilo kufunga mlango wote. Twalipokea kwa heshima ya wana, na twakiri kwamba ndani yake mna onyo la kweli: anayempa mtu kikombe cha dawa na kumrudisha mitaani bila kazi, bila rafiki, bila sala, amemtupa kwa adabu. Lakini Papa huyohuyo, siku hiyohiyo, alidai ndiyo kwa uhai, kwa upendo, kwa elimu na kwa kazi. Na mfu haendi kazini. Dawa peke yake haitoshi. Lakini mara nyingi ndiyo inayomfikisha mgonjwa hai mahali ambapo hayo mengine yaweza kumfaa.

Tena tusijidanganye juu ya nchi yetu. Tangu mauaji ya Ntoto, Machi 1993, vita vimerudi Masisi na Walikale mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Pana majeruhi wengi. Kuna vijana waliovunja migongo katika mashimo ya koltani ya Rubaya, na wazee waliobeba magunia ya kasiterite kutoka Bisie hadi Ndjingala kwa njia ya msitu. Watu wa namna hii hutafuta kitu cha kuwatuliza. Anayewaita wahuni wote na abebe yeye lile gunia kwanza.

Hapa kwetu hatuna kituo kama cha Muhimbili. Lakini kukosa methadoni si sababu ya kurudi ghalani. Muuguzi aliyefundishwa aweza kupunguza tramadoli kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, badala ya kuikata siku moja. Aweza kutoa maji ya chumvi na sukari kwa anayehara, na dawa za tumbo na usingizi kwa uangalifu. Mwenye kifafa, na mama mjamzito, wasiachishwe ghafula hata siku moja. Na jeraha linalouma bado litafutiwe tiba yake, maana ndilo mlango ambao vidonge viliingilia.

Basi twasema wazi. Wenye famasi: kuuza pakiti kwa kijana asiye na karatasi ya daktari ni kula damu yake. Wauguzi: mnapompa majeruhi tramadoli, mweleze pia siku na namna ya kuiacha. Wakubwa wa nchi na wa mashirika ya misaada: mnaleta dawa za risasi, leteni na dawa za kinachofuata risasi. Wazazi: vunjeni makufuli. Na sisi wa parokia, tuwe na wawili watatu katika kila shirika wa kukesha na mgonjwa usiku wa arosto, kumpa maji, kumfuta jasho, kusali naye akiwa kitandani. Akianguka tena, tumpokee tena. Kitubio hakina hesabu ya mara, na tiba isiwe nayo.

Yule mama huketi karibu na nguzo ya kushoto. Hajatulaumu hata mara moja. Ni sisi tunaojua tulichosema mlangoni pa ghala.