Mji Hausafishwi kwa Kufukuza Watoto na Kuua Mbwa

Kila mgeni mkubwa anapokaribia kuingia mjini, wakubwa wetu huwakumbuka watoto wanaolala vibarazani na mbwa koko wanaozurura majalalani. Watoto husombwa kwa karandinga. Mbwa hupigwa risasi au hutegewa sumu. Kisha tunatangaziwa kwamba mji umesafishwa. Ndugu wasomaji, tangu lini mtoto akawa taka? Na mbwa naye, hata kwa anayemwona najisi, ni kiumbe wa Mungu. Waislamu wanaijua habari ya mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake.

Sheria tunazo. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, na mwaka uliofuata likapitisha Sheria ya Mtoto, inayozitwisha serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika maeneo yao. Tulichokosa ni utekelezaji.

Wapo wanaouliza: watu wenyewe hawajashiba, mbwa wa nini? Swali hilo lina uzito, ila muulizaji hajatazama ni nani anayeng'atwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Sasa mfikirie anayelala stendi, asiye na mzazi wa kumkimbiza hospitali usiku ule ule akadungwe sindano. Kuua mbwa hakumwokoi, kwa kuwa wengine wasiochanjwa huja kushika nafasi ya waliokufa. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Basi anayepeleka mbwa wake kuchanjwa amemlinda na mtoto wa mwenzake.

Huyo mtoto wa stendi naye tunamrudisha kijijini kwa lori, na baada ya muda tunamwona tena palepale. Tunamwita mtukutu. Lakini alichokikimbia hakijaondoka: fimbo ya baba wa kambo, au jiko lisilowashwa siku nzima. Nani aliketi na ile familia kabla ya kumshusha mlangoni? Kazi hiyo ni ya afisa ustawi wa jamii, na mara nyingi hana hata nauli ya kufika huko. Halmashauri inayopata fedha za karandinga ishindwe vipi kumpa nauli?

Nasi wapita njia tusijidanganye kwamba sarafu inayotupwa dirishani ni msaada wa kutosha. Mara nyingine hununua mkate, mara nyingine gundi ya kuvuta. Mnunulie chakula, msikilize, kisha mtafute afisa ustawi wa kata yako. Ukimwona mtoto hatarini, piga 116, simu ya watoto isiyo na malipo. Na mbwa wako mpeleke akachanjwe.