Huruma Isiyo na Elimu



Nyumba nyingi za siku hizi zina chungu cha mmea barazani au ukumbini, na mara nyingi ni ule wenye majani mazito yang'aayo kana kwamba yamepakwa mafuta. Wataalamu wauita Zamioculcas zamiifolia. Wengi hudhani umetoka ng'ambo kwa kuwa wauzwa madukani; kumbe ni mzaliwa wa huku kwetu. Asili yake ni tangu Kenya na Tanzania, pamoja na Unguja, hata Afrika ya Kusini. Wataalamu wa Ulaya waliuandika vitabuni mwaka 1829, na tangu 1996 wakulima wa Uholanzi wakaueneza kwa biashara.

Mmea huu ni nadra kufa kwa kiu. Hufa kwa maji. Mwenyezi Mungu ameujaalia viazi chini ya udongo, navyo huweka akiba ya maji kwa siku za ukame. Mtoto aumwagiliaye kila asubuhi adhani anatenda wema. Viazi vyaoza, majani yageuka manjano, naye akiona hivyo huzidisha maji!

Basi kwanza tia kidole udongoni. Ukikuta unyevu, uache. Udongo ukikauka kabisa, ndipo umwagilie. Huenda zikapita wiki 2 au 3. Chungu kiwe na tundu chini, na udongo uchanganywe na mchanga. Uweke penye mwanga, si penye jua kali. Ukianza kuoza, ung'oe, ukate palipooza kwa kisu safi, uupande upya katika udongo mkavu, wala usiupe maji kwa siku kadhaa.

Liko jambo kubwa kuliko uhai wa mmea. Utomvu wake huwasha kinywa na ngozi. Usiuweke afikapo mtoto atambaaye, na mwenye kuukata anawe mikono.

Qur'ani Tukufu, Suratul A'raf, aya ya 31, yatukataza israfu katika kula na kunywa. Nasi hudhani israfu ni ya tajiri tu. Kumbe hata kata moja ya maji imiminwayo pasipo haja ni israfu.

Enyi wazazi, mpeni kila kijana chungu kimoja akitunze. Mfundisheni kutazama kabla ya kutenda, kwani kesho atakabidhiwa amana kubwa zaidi: nyumba, watoto na jirani. Nia njema ni mwanzo. Haitoshi mpaka ifuatane na elimu.

Wabillahi tawfiq.